Watafsiri msiosoma: barua ya wazi kwa vijana wetu wa mtandaoni

Wanangu,

Nawasalimu mlio Dar es Salaam na Dodoma, mlio Mwanza na Unguja, na nyinyi mnaofanya kazi usiku wa manane kwa kuwa ndipo bando huwa rahisi. Salamu zitakuwa fupi. Nimekasirika, na naijua tabia yangu: hasira ikipoa nitawaonea huruma, na nikiwaonea huruma sitasema.

Wengi mnalijua lililotokea kwenye kundi letu la watafsiri la WhatsApp. Kwa ambao hawamo, ni hivi. Binti mmoja aliyemaliza chuo majuzi aliandikiwa barua pepe na kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Ulaya. Walitaka kijitabu cha malaria kitafsiriwe kwa Kiswahili, na bei kwa neno ilikuwa kama mara mbili ya ile mnayoililia kila siku. Akaifanya kazi kwa moyo wote. Nimepanda juu kwenye mazungumzo ya kundi nikasoma: aliwauliza aandike "chandarua chenye dawa" au "chenye viuatilifu", nanyi mkajadiliana jioni nzima, kwa hoja, kwa kamusi, huyu anapiga picha ukurasa, yule anapinga. Mjadala mzuri kweli. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mteja wake ni nani.

Alipokabidhi akapongezwa sana. Kesho yake akaandikiwa na "mhasibu": ili malipo yatoke, sharti kwanza alipie usajili wa kupokea fedha za kigeni, na hela hiyo itarudishwa pamoja na malipo yake. Atume wapi? Kwenye namba ya simu ya hapa hapa nchini, kwa "wakala wetu wa Dar es Salaam". Akatuma. Ikaja ya pili, ya kodi. Akakopa kausha damu, akatuma. Ilipokuja ya tatu ndipo alipoandika kwenye kundi, usiku: nimetapeliwa jamani.

Tapeli hajanikasirisha. Yule yuko kazini kwake. Mlionikasirisha ni nyinyi, kwa sababu hakujapambazuka watatu wenu mkajitokeza kusema, "Hao hata mimi waliniandikia." Mmoja alipokea barua ile ile na kijitabu kile kile, akashtuka, akaifuta, akanyamaza. Wa pili alinyamaza kwa kudhani amepata mchongo, hakutaka mtu amwahi. Wa tatu alishapigwa hela kabla ya binti, akaona aibu. Mlikuwapo kwenye mjadala wa chandarua! Mlikuwa mnachangia!

Nilichukua sentensi moja ya kijitabu kile, nikaitia ndani ya alama za kunukuu, nikaitafuta kwenye Google. Kijitabu chote kimo mtandaoni, bure, kimenakiliwa kama kilivyo, na tafsiri yake hakuna aliyeihitaji. Zile kurasa alizozikesha binti wa watu hakuna aliyezifungua. Hilo liliniuma kuliko hela.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pangu.

Kazi yenu ni kusoma. Mtafsiri huisoma matini kuliko mwandishi wake alivyoisoma. Lakini barua ya mteja mnaisomaje? Mnaruka mpaka kwenye namba. Mkiiona namba nzuri mnasema Mungu mkubwa, mnafungua faili. Laiti mngeisoma barua ile kwa macho yale yale mnayosomea mkataba wa mtu, nusu ya matapeli wangekufa njaa.

Hebu mfikirieni mteja wa kweli. Ni mtu wa Geneva, au Nairobi, au Boston, ana waraka utakaosomwa na watu wa Rufiji, na Kiswahili hakijui. Ukimwandikia matusi ukurasa mzima ataupokea, atakushukuru, ataupeleka ukachapwe na nembo ya shirika lake juu. Mtu wa namna hiyo halali vizuri. Anaweka jina lake kwenye maneno asiyoweza kuyasoma, kwa kumwamini mtu asiyemwona.

Kwa hiyo anauliza. Umewahi kufanya kazi za afya? Ulimfanyia nani? Nani atakuhariri? Unatumia programu gani ya kutafsiria, Trados au memoQ? Waraka huu ni wa Tanzania, Kiswahili chako kinafaa huko au wewe ni wa Kenya? Neno hili mwaka jana tuliandika hivi, unaonaje? Wakati mwingine anachosha mpaka unatamani kumzima. Msimchukie. Wasiwasi wake ndio cheti chake.

Barua ya yule "mteja" wa malaria nimeisoma, binti ameniruhusu. Hakuuliza kitu. Hakuuliza kijitabu kitasomwa wapi, hakuuliza binti amesoma nini, hakutaja mhariri. Kazi imetajwa kwa sentensi moja, halafu barua nzima ni malipo: lini, kiasi gani, kwa njia gani, na jinsi kampuni inavyowajali watafsiri wake. Anayenunua shamba bila kuuliza mipaka hakuja kununua shamba. Na zile pongezi! Kurasa thelathini zimetumwa, dakika chache baadaye jibu: "Kazi nzuri mno." Kaisoma saa ngapi, na kwa Kiswahili kipi?

Mkilishika hilo, aina zote za utapeli mtaziona zinafanana hata zikibadili nguo. Wakalimani wana la kwao. Familia fulani inakuja kutembea mjini kwenu, inataka mkalimani wa wiki mbili, inatuma hundi yenye kiasi kikubwa kuliko mlichokubaliana, halafu inakuomba kilichozidi umrushie dereva. Benki inaweza kukuonyesha salio limepanda, kisha siku kadhaa baadaye hundi irudi haina kitu, na dereva ameshaondoka na zako. Swali ni lile lile: waliuliza ukalimani wa lugha gani na gani? Waliuliza wanakwenda wapi, hospitalini au mbugani? Kuna wale wa Telegram wanaokupa elfu tano, elfu kumi, kwa kupenda video na kuzipa hoteli nyota, kisha unaambiwa uweke pesa ili ufungue "kazi za ngazi ya juu". Kuna wale wanaokata waraka mrefu vipande vipande na kumpa kila mtu kipande kama "jaribio", wanapata kitabu kizima bila kulipa senti. Jaribio la kweli ni maneno 200 au 300 hivi. Likizidi hapo, taja bei.

Na aliyesema ana ofisi ng'ambo, anataka utume hela kwenye namba ya hapa? Wanangu, ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" mnaucheka kila siku ukija kwa Kiswahili. Ukija kwa Kiingereza mnauheshimu.

Sasa upande wa pili, maana hamkuja kwangu kufundishwa kuogopa. Mmekuja mnataka wateja. Jibu langu ni lile lile: mteja mzuri ana hofu, na anayeituliza ndiye anayepewa kazi.

Nimeona barua zenu za maombi, mnanitumia nizipitie. Zote zinasema "mimi ni mzawa wa Kiswahili, mchapakazi, nina shauku, nazingatia muda". Mamilioni ya watu ni wazawa wa Kiswahili, hata tapeli wetu wa Dar. Mnazituma hizo hizo kwa watu hamsini, jina la kampuni moja linabaki kwenye barua ya kampuni nyingine, halafu mnalalamika kwamba hamjibiwi. Andika fupi, na ndani yake weka swali moja linaloonyesha umeisoma kazi.

Chukueni mfano wa dodoso la wakulima. Wengi wataandika kwamba wanaweza, na bei yao hii hapa. Wewe uliza: mkulima atalisoma mwenyewe, au kuna mdadisi atakayemsomea? Kwa sababu sentensi ya kusomwa kimya si sentensi ya kusemwa kwa sauti chini ya mwembe, na majibu ya kuchagua manne yanayopendeza kwenye karatasi humchanganya mtu anayeyasikia tu. Mtafiti akiliona swali hilo, mabega yanashuka. Kuna mteja nimekaa naye miaka kwa swali hilo, hata bei hakubishana.

Bei nayo naisema hapa hapa, kwa sababu mmeniudhi na hapo. Mnashushana. Akisema mmoja senti sita za dola kwa neno, mwenzake anakwenda inbox kwa mteja na senti mbili. Mnadhani mnamvutia. Mwenye hofu hatulizwi na rahisi, anaongezewa hofu. Anayekuja kwa ajili ya bei ya chini pekee ataondoka siku atakapoambiwa mashine inafanya bure. Na kama ni kuhariri tafsiri ya mashine, omba kurasa mbili uzione kabla ya kutaja bei, maana nyingine ni kupangusa vumbi na nyingine ni kuandika upya kwa nusu ya malipo.

Tena, kwa nini macho yote Ulaya? Waraka mwingi sana wa Kiswahili unazaliwa hapa hapa. Mtu yeyote anayefanya utafiti wa afya nchini anahitaji fomu za ridhaa na madodoso yaliyo kwa Kiswahili, mshiriki aelewe anachokubali, na mara nyingi tafsiri hurudishwa kwenye Kiingereza na mtu mwingine ili zilinganishwe. Ni kazi ya watu wawili kwa waraka mmoja. Watafiti wamejaa Muhimbili, wamejaa Ifakara na Bagamoyo, wamejaa Mwanza. Mtafiti wa Bagamoyo unaweza kumfuata ofisini, ukaona mlango, ukaona meza. Akikuridhia ndiye atakayekutaja kwa mwenzake wa London, na huyo wa London atakuja akiwa ameshatulia nusu.

Chagueni pia mambo mnayoyajua: afya, sheria, kilimo, kodi. Anayejua kila kitu hatulizi mtu.

Nije kwenye akaunti za kukodi, na hapa sitabembeleza. Najua kero yenyewe. Kwa miaka mingi PayPal ya Tanzania imekuwa ya kutuma, kupokea hapana, na wenzetu wa Kenya wanapokea. Basi mnatafuta Mkenya, mnatumia akaunti yake, mnagawana. Nyingine ni akaunti za majukwaa ya kazi, zenye nyota za mtu mwingine na picha ya mtu mwingine. Siku mwenye akaunti akibadili nenosiri, utamshtaki kwa mkataba upi? Siku jukwaa likiomba uhakiki kwa kamera, utaazima na uso? Payoneer, huduma nyingine ya malipo, inapokea na kuingiza kwenye akaunti ya benki yako, na mawakala wa tafsiri wenye heshima, yaani kampuni zinazowagawia watafsiri kazi za wateja, hulipa kwa njia ya benki ukiwapa maelezo sahihi. Ni taratibu, ni makato, lakini ni jina lako.

Na nyinyi mnaokodisha akaunti zenu kwa watu msiowajua, kinachofanyika mle ndani mtakijibu nyinyi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Haitamuuliza mpangaji.

Chuoni mmefundishwa nadharia za tafsiri za Eugene Nida mpaka mkazikariri. Kisha tapeli anaomba picha ya kitambulisho cha NIDA, mbele na nyuma, "kwa ajili ya usajili", mnampa! Wasifu wenu vilevile. Kuna watu kazi yao ni kukusanya wasifu wa watafsiri, kubadili anwani ya barua pepe tu, kisha kuomba kazi kwa mawakala kwa jina lako na elimu yako. Wanapitisha kazi kwenye mashine, wanalipwa au wanafukuzwa, na jina linalochafuka ni lako. Ukiandika baadaye kwa wakala huyo unajiuliza mbona kimya. Usitume wasifu kamili kwa asiyejulikana, wala usiubandike wazi mtandaoni wenye tarehe ya kuzaliwa na saini.

Mengine nayataja haraka, mkitaka maelezo niulizeni. Msianze kazi ya wakala bila oda iliyoandikwa, yenye idadi ya maneno, bei na tarehe ya malipo. Mteja mpya wa moja kwa moja atoe sehemu kabla. Malipo ya siku 30 au 45 ni kawaida kwa mawakala, 60 ni ya kufikiria, "tukilipwa nasi tutakulipa" kataeni. Angalieni kinachofuata alama ya @ herufi kwa herufi, halafu nendeni kwenye tovuti ya kampuni wenyewe, chukueni anwani ya huko, ulizeni kama huyo mtu ni wao. ProZ, tovuti ya watafsiri, ipo tangu 1999 na ina Blue Board, ambako watafsiri huwapa mawakala alama. Isomeni kabla ya kujibu, sio baada ya kulia. Jukwaa la Fiverr wanakata asilimia 20 ya malipo yenu, ingizeni kwenye bei. Msitegemee jukwaa moja: Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kazi ndogo ndogo za mtandaoni, iliwafungia Wakenya milango, na waliokuwa wanaishi kwayo wakaamka hawana kazi. Wekeni ankara zenu mahali pamoja. TIN chukueni. Kazi ikichelewa, mwambieni mteja kabla ya muda, sio baada.

Nimewagombeza sana, sasa niwageukie wakubwa wenzangu.

Yule binti alipoandika lile neno lake, kuna waliomjibu kwa kucheka. "Tamaa mbele." "Umeingizwa mjini, karibu." Na kuna mtu mzima, namjua, aliyetuma kibonzo. Tamaa ipi? Alifanya kazi, akaomba ujira wake. Na sisi tuna kumbukumbu fupi mno. Mwaka 2009 ule upatu wa DECI ulipofungwa, waliokuwa "wamepanda mbegu" huko walikuwa watu wazima, wenye kazi, wenye wadhifa makanisani. Juzi tu, 2025, LBL ikaanguka na fedha za watu waliokuwa wakilipwa kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu, na mle mlikuwa na mama na baba za vijana hawa hawa. Kila kicheko kinamfundisha anayefuata kunyamaza, na ukimya ndio mtaji wa tapeli.

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunapiga ngoma, tunavaa vitenge, viongozi wanatuhimiza kukibidhaisha Kiswahili. Vizuri. Bidhaa ina bei, ina ankara, ina mnunuzi anayekaguliwa, ina mlipaji anayesumbua. Vijana wanatoka vyuoni na shahada ya Kiswahili hawajawahi kuona oda ya kazi wala kusoma mkataba wa wakala hata mmoja. Somo la nusu muhula lingetosha. Na wale wanaoshughulikia mabenki na mitandao ya malipo, nao wangeketi siku moja na mtafsiri wa Songea wakamsikiliza anavyozunguka kupokea dola zake arobaini. Najua wanasoma barua ndefu kwa shida kama nyinyi.

Hata matapeli wanaowaandikia, vijana, si wote wanaandika kwa hiari. Vijana wa Kenya na Uganda walioahidiwa kazi za huduma kwa wateja Thailand wamejikuta kwenye kambi za utapeli mpakani na Myanmar, wamenyang'anywa pasipoti, wanalazimishwa kuwatapeli watu usiku kucha. Kwa hiyo tangazo la kazi ya ng'ambo "kwa wanaojua lugha, nauli juu yetu" nalo lisomeni kwa utaratibu ule ule. Wameuliza nini kuhusu lugha zako?

Haya. Binti, najua unasoma. Deni la kausha damu nimezungumza na wenzangu wawili, tutalimaliza kwanza, utaturudishia kwa kazi, hakuna riba na hakuna haraka. Tafsiri yako nimeisoma yote. Ni nzuri, na ukurasa wa dalili kwa watoto umenizidi hata mimi. Lakini kwa kuwa kijitabu chenyewe kilinakiliwa, kiweke kando, chukua vipande viwili vyako bora vya kazi nyingine ulizofanya chuoni, tutengeneze sampuli. Jumatatu nitakupeleka kwa mtafiti mmoja mwenye maswali mengi kupita kiasi. Utamchoka.

Nyinyi wengine, leo usiku kila mtu aingie kwenye barua pepe yake, hata kule kwenye takataka, aweke kwenye kundi kila aliyemtilia shaka mwaka huu: jina alilotumia, anwani nzima, namba ya simu kama ipo, na alichoomba. Picha, sio masimulizi. Namba za hapa nchini mzitume pia 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, msiseme tu "Mungu anamwona". Mwenye aibu anitumie mimi, nitaweka bila jina lake. Na yule wa pili, aliyemficha "mteja" ili asiwahiwe, simtaji, lakini ndiye atakayepanga orodha hiyo kwa alfabeti na kuibandika juu ya kundi kabla ya Ijumaa. Asipofanya nitamtaja.

Shangazi yenu,
Morogoro